Mama Njooni na Kiwanja cha Chemchemi

Ndugu, jamaa, majirani, na wote mliopanda mlima huu leo kwa ajili yake, poleni na njia. Wale mliosimama nyuma mkiegemea ukuta wa shule, njooni mbele, nafasi ipo. Maneno hayo hayo ndiyo yaliyompa marehemu jina. Lile alilopewa na wazazi wake limeandikwa kwenye kibao cha kaburi, na wengi wenu mmelisoma leo kwa mara ya kwanza mkashangaa ni nani huyo. Msishangae. Ni Mama Njooni.

Alikuwa mtu wa kwanza kuishi kwenye mlima huu. Waandishi wa programu ya mazishi walitaka kuandika "mwanamke wa kwanza", tukawakatalia. Wanaume walikuja baadaye, na walikuja kwa sababu yeye aliwaita. Alilea watoto watatu. Wawili mnawaona hapa mbele, binti yake na kitinda mimba wake. Mkubwa wao hamumwoni, na wazee mnajua kwa nini. Wapo walioshauri jambo hilo tulipitie mbali. Lakini marehemu mwenyewe hakulipitia mbali hata siku moja ya maisha yake, kwa hiyo mjukuu anayewasomea hapa hana ubavu huo.

Mama Njooni alizaliwa mwaka 1934 huko chini tambarare, wakati wa mavuno, akiwa wa pili kati ya watoto sita. Baba yake alikuwa seremala wa vitanda. Mama yake alikuwa mkulima na mwenye ulimi mkali, na waliowajua wote wawili wanasema ulimi ule haukupotea njia, ulimfikia mtu wake.

Shule aliingia akiwa na miaka tisa, akasoma mpaka darasa la pili. Mama yake akaugua, wadogo wakakosa wa kuwatazama, na ikaamuliwa kwamba wa kutoka shuleni ni yeye. Hakuna aliyemuuliza. Siku aliyoambiwa asiende tena, alikuwa ameshavaa, ameshika kibao chake cha kuandikia. Alikiweka chini akambeba mtoto mgongoni. Alijua kusoma maandishi ya kuchapwa, tena makubwa. Ya mkono yalimshinda, akasema yanakimbia. Alipokuwa mtu mzima aliwahi kumwambia binti yake kwamba hakulia siku ile, ila alikaa na donge kooni mpaka alipoolewa, na hata baada ya kuolewa lilikuwa likirudi kila akipita karibu na darasa akisikia watoto wanaitikia mwalimu.

Aliolewa mwaka 1951 na mpasua mbao, mtu mpole, asiyejua kugombana. Bwana huyo alikuwa akiamka mapema kumchemshia mkewe chai, wenzake wakamcheka mpaka wakachoka wenyewe. Mwaka 1952 wakapata mtoto wa kiume. Wawili waliofuata walikufa wachanga, na marehemu aliwazika kwa mikono yake. Kisha 1958 akaja binti, na 1962 yule wa mwisho. Mwaka uliofuata, mwezi wa Mei, gogo lilimwangukia mumewe msituni. Aliletwa nyumbani juu ya mlango uliong'olewa, akiwa ameshakata roho.

Msiba haujapoa, mashemeji walikaa kikao. Kikao kilipoisha, shamba lilikuwa limeshagawanywa, na yeye akaambiwa atabaki na nyumba "mpaka hapo baadaye". Mama Njooni hakuwa mtoto, alielewa maana ya hapo baadaye. Alipiga moyo konde. Kabla ya mvua za 1964 alifunga virago: jembe, panga, sufuria, mbuzi jike mmoja, mtoto mgongoni, binti mkononi, na yule mkubwa, mwenye miaka kumi na miwili, akatangulia mbele na fimbo.

Jamani, mlima huu mnaouona una shule, zahanati na duka la soda, wakati ule ulikuwa mawe na vichaka. Hakuna aliyeutaka. Nguruwe pori walikuwa ndio wenye mji. Lakini Mama Njooni, kila kiangazi alipokuwa akipalilia kule chini, alikuwa akiinua macho anaona ukanda mwembamba wa kijani katikati ya mlima, haukauki hata mwaka wa njaa. Akajua pale pana maji. Hakumwambia mtu. Walipofika walikuta udongo mbichi tu na majani marefu, wakachimba kwa jembe na mikono, yeye na mwanawe, mpaka maji yakatoka, kwanza machafu, halafu safi. Yule kijana akanywa mpaka tumbo likamuuma, mama yake akacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Hapo hapo akamwambia, "Hapa kando ya chemchemi patakuwa pako. Ukioa utajenga hapa, mkeo asije akateseka na ndoo."

Kijana hakulichukulia kama maneno ya kupita. Alisomba mawe manne makubwa akayaweka kwenye pembe nne za kiwanja chake. Tangu hapo, mchana alifyeka na mama yake, na mahindi yalipoanza kukomaa alikuwa akizunguka shamba akipiga debe kufukuza nguruwe mpaka sauti inamkauka. Shule hakuiona. Marehemu hakuficha hilo. Alisema, "Yule mtoto nilimla utoto wake. Bila yeye mngekuta mifupa yetu hapa."

Sasa, kaya moja si kijiji. Mama Njooni alikuwa na watoto wawili wadogo, na donge lake kooni halijaondoka. Aliapa kwamba hawa hawatanyimwa darasa. Ndipo alipoanza kuita watu. Siku za soko alishuka na maharage, akauza, kisha akasimama njiani anasalimia wapita njia, hasa wenye mizigo na nyuso za kuhangaika. Hakuuliza mtu ana mali gani. Aliuliza, "Una watoto wangapi?" Ukisema wanne, watano, anakwambia, "Njooni, nafasi ipo, ardhi nzuri, maji hayakauki." Nguruwe hakuwataja. Kijana mmoja kapera alipojibu kwamba hana mtoto, aliambiwa aende akaoe kwanza, mlima utamsubiri. Kweli akaenda, akaoa, akarudi. Babu yule yupo pale, anacheka, na anajua mlima ulimsubiri.

Walikuja. Mfinyanzi mjane na wanawe, mchunga mbuzi na familia yake, fundi wa kushona, wengine wengi. Mwenyeji wao aliwapimia viwanja kwa kamba, akawapa mbegu, akawapikia mpaka walipovuna. Alipoona kaya zinatosha alishuka kwa afisa elimu. Afisa akamwambia mwalimu mmoja hapangwi bila watoto arobaini, na kwamba akishindwa kuwatimiza kufikia Januari 1971, mwalimu atapelekwa kwingine, na haijulikani lini atapatikana tena. Mama Njooni akarudi akahesabu. Walipungua saba.

Mwenye watoto saba alipatikana. Alikuwa mhunzi, mtu mrefu mwenye mikono ya makovu, amefukuzwa alikokuwa amepanga kwa sababu ya kelele za nyundo. Alipanda mlima, akatembea kila mahali, kisha akasema, "Mama, pote pazuri, lakini chuma kinataka maji karibu. Mimi nafasi yangu ni kando ya chemchemi. Mahali pengine hapana, sitakuwa na kazi."

Mwana mkubwa wa Mama Njooni wakati huo hakuwepo. Alikuwa amekwenda kufanya kazi kwenye shamba kubwa la chai, mwendo wa siku mbili, akidunduliza kununua mabati ya nyumba yake. Walikuwepo wachuuzi waliokuwa wakienda huko kila wiki. Angeweza kumtumia neno. Marehemu alizunguka kile kiwanja asubuhi nzima. Halafu akamwambia mhunzi, "Jenga."

Hakumtuma mtu. Maisha yake yote alikuwa akijiuliza kwa nini, na jibu alilolipata ni kwamba alimwona mwanawe kama mkono wake mwenyewe, na mkono hauombwi ruhusa. Waliufungua mlima pamoja, walilala njaa pamoja. Alidhani ataelewa kabla hata hajaambiwa. Yeye aliyetolewa shuleni bila kuulizwa, na kunyang'anywa shamba bila kuulizwa, hakumuuliza mwanawe. Maneno hayo ni yake, wala si ya mjukuu kumhukumu bibi yake siku ya kumzika.

Kijana alirudi Desemba 1970, mchana, na vibarua wawili wamebeba mabati yake mapya yanayomeremeta. Binti wa marehemu alikuwa na miaka kumi na miwili, alikuwa akipepeta mahindi uani, na aliyoyasikia hajayasahau.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu! Jamani, umekonda! Hawakulishi huko?"

"Wanatulisha. Mama, nani anagonga huko chini?"

"Mhunzi. Ana watoto saba, baba. Tumetimia! Mwalimu anakuja, wadogo zako wanasoma!"

"Amejenga wapi?"

Mama yake akageuka akatazama upande wa chemchemi. Kijana akatua begi, akateremka mpaka chemchemi. Alikuta kibanda cha mhunzi kimesimama katikati ya kiwanja, na mawe yake manne yamejengewa tanuri la kupashia chuma moto. Mhunzi wa watu, asiyejua lolote, akamkaribisha kwa furaha akampa kiti. Akakaa. Akaongea naye kidogo, akamuuliza hali ya kazi, akaaga. Akarudi nyumbani.

"Mama, ungeniuliza."

"Nikuulize vipi, nawe ulikuwa mbali?"

"Ungenisubiri."

"Mwalimu asingesubiri. Viwanja vipo vingi, mwanangu, chagua chochote. Chukua hata changu."

"Sikutaka kiwanja chochote," alisema. "Nilitaka kile. Na ungeniuliza, mama, ningekubali."

Hakupaza sauti. Mama yetu, yule binti, anasema angepiga kelele ingekuwa nafuu. Alikula, akanawa, akamsaidia mdogo wake kufunga mbuzi. Asubuhi alimwambia dada yake, "Mwambie mama mabati ni yake," akashuka mlima bila kumuaga mwenyewe. Mama Njooni alikuwa shambani. Alipoambiwa alitupa jembe akakimbia mpaka barabarani, miguu peku, akakuta vumbi la lori.

Shule ilifunguliwa Januari, chini ya paa la nyasi. Binti na mdogo wake walikaa mstari wa mbele, na watoto saba wa mhunzi walikaa mstari wao. Siku hiyo watu waliimba na kupiga vigelegele. Mama Njooni alisimama pembeni akiwa amejifunga kitambaa kichwani, na kila mtu aliyekuja kumpongeza alimjibu, "Asante, asante," huku anatazama njia.

Alimtafuta. Alikwenda kwenye shamba la chai kwa miguu; akaambiwa kijana alichukua ujira wake akapanda lori kama utingo. Basi, tangu hapo, kila dereva wa lori aliyepita sokoni alikamatwa mkono na mwanamke mfupi anayeuliza habari za kijana mwenye kovu juu ya nyusi. Mwalimu alimwandikia matangazo ya redio. Mara tatu yalisomwa, na kila mara alikusanya majirani kusikiliza, akiwa ameshika redio mapajani kwa mikono miwili. Tangazo lilikuwa fupi: mama yako ni mzima, anasema alikosa, rudi. Mwaka 1979 mchuuzi mmoja alisema amemwona bandarini, ana mke, amenenepa. Mama Njooni alimpa yule mchuuzi jogoo. Baadaye ilijulikana kwamba mchuuzi huyo alikuwa akigawa habari njema kila alikopita, na jogoo alikuwa hakosi. Marehemu alipoambiwa alisema hata hivyo hatamdai, maana miezi ile alilala vizuri.

Mhunzi naye alipopata kujua kisa chote, alikuja na kofia mkononi. Alisema atavunja banda ahame. Mama Njooni alimfokea: "Uhame uende wapi na watoto saba? Kosa ni langu, nikutwishe wewe kwa nini? Rudi kazini." Mhunzi alirudi, na mpaka alipofariki mwaka 2003 hakuwahi kumtoza marehemu kwa jembe lolote. Mwanawe wa kike, yule wa sita, ndiye mwalimu mkuu wa shule yetu leo.

Yale mabati aliyatumia kujenga nyumba. Si yake, yeye aliendelea na nyasi. Alijenga nyumba ya vyumba viwili kwenye kiwanja kingine kizuri, akaifagia kila Jumamosi, akaweka kitanda na mtungi, na hakumlaza mtu ndani. Mwalimu wa pili alipokuja hana pa kulala, watu walimwendea marehemu wakamwambia, "Mama, nyumba ile si iko tupu?" Akasema, "Haiko tupu. Mwenyewe hajafika." Akampa mwalimu chumba chake mwenyewe, akahamia jikoni na wanawe, mwaka mzima, macho mekundu kwa moshi. Watu walimcheka. Alikuwa akigawa kila kitu, mbegu, ardhi, hata nguo yake ya kubadilisha, lakini nyumba ile, weee, usiiguse.

Kazi zake nyingine mnazijua, na programu imezitaja: barabara ya 1983 ambayo aliisimamia akiwa na jembe begani, zahanati, kikundi cha akina mama cha kuweka akiba. Mnaweza kusoma wenyewe. Ambalo programu haikutaja ni kwamba baada ya 1970 alibadilika katika jambo moja. Wageni aliendelea kuwaita, lakini swali la kwanza halikuwa tena idadi ya watoto. Aliuliza, "Kwenu umewaaga?" Aliyejibu kwamba aliondoka kimyakimya aliambiwa arudi kwanza akaage, hata kama ni mwendo wa wiki. Na hakutoa tena hata kipande cha ardhi bila kuwaita wanawe wawili na kuwauliza mmoja mmoja. Kitinda mimba wake alikuwa na miaka tisa, anaulizwa mambo ya mipaka, naye anakunja uso na kujibu, "Nitafikiria."

Mwaka 1996 wazee wa ukoo, wale wale wa kule chini, walipanda mlima. Walisema kijana hajaonekana robo karne, si vizuri kuacha msiba ukining'inia, wafanye matanga wamalize, watu wapate kupumzika. Mama Njooni aliwasikiliza mpaka mwisho, akawaandalia chai. Kisha akauliza, "Mmekuja na maiti?"

Wakasema hapana.

"Mmeona kaburi?"

Wakasema hapana, lakini—

"Mimi waliokufa nawajua. Mume wangu nilimfunika. Wale wachanga wangu niliwafunika. Huyu sijamfunika. Kunyweni chai yenu, jua linakwenda."

Miguu ilianza kumsumbua mwaka 2015, akawa anatembea kwa fimbo mbili huku akizitukana. Presha ikafuata. Agosti mwaka jana alipata kiharusi, upande wa kushoto ukalala. Manesi wa zahanati walifanya yote waliyoweza, na familia inawashukuru kwa moyo wote. Hapo ndipo akili yake ikaanza kurudi nyuma. Mwanamume yeyote aliyeingia chumbani, daktari, mhubiri, fundi wa taa, aliulizwa, "Umekula?" na macho yake yakiwaka kama ya msichana. Halafu anamtazama vizuri, na macho yanazima. Kukaa pale na kuona macho yale yanazima, jamani, hakuna aliyezoea.

Mwezi wa pili mjomba wetu, kitinda mimba, alishindwa kuvumilia. Yeye ndiye aliyebaki, amelima, ameezeka, amembeba mama yake kwenda na kutoka zahanati. Siku hiyo mama yake alimwita kwa jina la kaka yake. Mjomba akapiga magoti kando ya kitanda akasema, "Naam mama. Ni mimi. Nimerudi."

Marehemu alimshika shavu kwa ule mkono mzima, akamtazama kwa muda mrefu. Akasema, "Wewe siye. Yeye angenisalimia kwanza." Kisha akasema, "Wewe ni mwanangu aliyekaa. Usijifanye mwingine, wewe unatosha." Mjomba alitoka nje akalia, mtu mwenye wajukuu, akalia kwa kwikwi mbele ya kuku.

Siku chache kabla ya mwisho, akili yake ilitulia. Alimwita binti yake akamwambia, "Mkija kunisomea, watoto wangu mwasome wote. Msimtie na waliotangulia. Hamjui." Hakusema lingine kuhusu mazishi. Alifariki Jumanne ya tarehe 11 Machi 2025, saa mbili asubuhi, mvua ikinyesha, kichwa chake kikiwa mapajani mwa binti yake. Alikuwa na miaka tisini na kidogo.

Wasifu huu ulikuwa upelekwe kwa mchapaji Alhamisi asubuhi, haukupelekwa. Kamati ya mazishi ilikwama. Wapo waliosema ni aibu kuchapa jina la mtu ambaye hata akiwa hai ni mzee wa zaidi ya miaka sabini, asiyetuma hata salamu. Wapo waliosema tumwandike miongoni mwa waliotangulia, tufunge. Binti wa marehemu akasema wosia wa mama ni wosia. Na mjomba, ambaye hakuna aliyemtarajia, akasimama akasema kwa hasira, "Miaka yote nipo mimi. Nimemwogesha mimi. Leo wa kwanza kusomwa awe mtu aliyempa mama kisogo?" Watu wakainamisha vichwa, maana alikuwa na haki ya kusema. Kikao kikavunjika.

Mchana ule mjomba alikwenda peke yake kwenye ile nyumba ya mabati, ambayo mabati yake sasa yana kutu kila mahali. Ilikuwa haijafagiliwa tangu marehemu alipougua. Aliporudi alikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Alichukua karatasi ya wasifu kwa mjukuu aliyekuwa akiiandika, akasema, "Andika kama atakavyosoma yeye mwenyewe siku akiipata. Akute nafasi yake." Kwa hiyo mtakayoyasikia sasa ni maneno yake, aliyatamka mwenyewe, na sisi hatukuongeza wala kupunguza.

Marehemu alitanguliwa na mume wake na watoto wawili wachanga.

Ameacha watoto watatu. Wa kwanza ni mwanawe mkubwa, hatujui alipo. Wa pili ni binti yake. Wa tatu ni mimi. Ameacha wajukuu kumi na mmoja, vitukuu ishirini na wawili, watoto saba wa mhunzi, na kijiji kizima.

Kaka, mama amezikwa Jumamosi, tarehe 15 Machi. Alikuomba radhi kila siku. Ukiwa umekasirika bado, njoo hivyo hivyo.

Mama, lala sasa, umechoka. Kumngoja tutamngoja sisi.